Kalenda mbili za profesa anayeandika vitabu

Mtu akisikia kuwa profesa wa uandishi wa habari ametoa kitabu kinachosomwa nchi nzima, hudhani mwalimu huyo ana kazi mbili: mchana anafundisha, usiku anaandika. Nchini Marekani mambo yamepangwa vingine. Kitabu ndicho kinachompatia mwalimu ajira ya kudumu chuoni, na ajira hiyo ndiyo inayomlisha wakati anakiandika. Kila upande unamtegemea mwenzake, ila kila mmoja una kalenda yake. Chuo kinahesabu miaka sita. Mchapishaji anahesabu misimu yake ya kutoa vitabu. Habari yenyewe, yaani watu, kesi zilizoko mahakamani na nyaraka zilizo mikononi mwa serikali, haimhesabii mtu yeyote. Wanaokwama katika njia hii mara nyingi ni waandishi hodari tu, waliochelewa kuzipatanisha kalenda hizo.

Mvutano ulikotoka

Chuo Kikuu cha Missouri kilifungua shule ya uandishi wa habari mwaka 1908, na wanafunzi wake wakaanza kutoa gazeti halisi tangu siku ya kwanza ya masomo. Columbia, jijini New York, ilifuata mwaka 1912 kwa fedha alizoacha Joseph Pulitzer, mwenye magazeti aliyefariki mwaka mmoja kabla. Shule hizo zilikuwa za ufundi: mwalimu alikuwa ripota au mhariri aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Halafu katika miaka ya 1940, hasa katika Chuo Kikuu cha Iowa chini ya Wilbur Schramm, ukakua mkondo wa pili, wa watafiti wa mawasiliano wenye shahada za uzamivu, wanaopima mambo kwa takwimu na kuchapisha katika majarida ya kitaaluma.

Mikondo yote miwili bado inakaa kwenye idara moja na kupiga kura katika kamati moja. Kwa hiyo kitabu cha masimulizi ya kweli, kilichotokana na mahojiano mamia na kuandikwa kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, kinaweza kusomwa na mjumbe mmoja kama utafiti wa hali ya juu, na jirani yake akauliza nadharia iko wapi. Mwalimu mpya anayedhani ubora wa kitabu utajitetea wenyewe anaingia mahali pabaya. Swali la nini kinahesabika kama utafiti hujibiwa kabla ya siku ya kwanza kazini, tena kwa maandishi.

Barua ya ajira

Wengi hupigania mshahara, wakasahau mengine. Mshahara una maana, lakini katika barua ya ajira kuna mambo yatakayoamua kama kitabu kitaandikwa au la. La kwanza ni cheo na njia yake. Anayeajiriwa kama profesa msaidizi katika njia ya ajira ya kudumu anakuwa na muda maalumu wa kuthibitisha uwezo wake. Mwenye cheo cha profesa wa vitendo, ambacho siku hizi hupewa waandishi wakongwe wasio na uzamivu, kwa kawaida hupewa mkataba wa miaka michache unaoweza kuhuishwa, masomo mengi zaidi ya kufundisha, na haruhusiwi kuomba ajira ya kudumu. Vyeo hivi viwili hutajwa kwa neno lilelile la profesa, na mtu asiyejua hugundua tofauti amekwisha kuhama mji.

La pili ni mgawanyo wa kazi. Vyuo vingi vya utafiti huugawa kwa asilimia: 40 kufundisha, 40 utafiti, 20 utumishi wa kamati. Hapo kwenye 40 ya utafiti ndipo barua inapaswa kusema wazi kuwa uandishi wa habari wa kina na vitabu vya umma vinahesabika sawa na makala za kitaaluma. Bila sentensi hiyo, ahadi ya amidi ni ya mdomo, na amidi huondoka.

La tatu ni idadi ya masomo kwa muhula. Mawili kwa mawili, yaani masomo mawili kila muhula, huacha nafasi ya kuandika. Manne kwa manne hayaachi kitu, hasa kwa madarasa ya uandishi, ambako kila kazi ya mwanafunzi inahaririwa mstari kwa mstari. Baraza la ithibati la shule za uandishi wa habari nchini humo linataka darasa la ujuzi lisizidi wanafunzi 20 kwa mwalimu. Hata hao 20, kila mmoja akileta maneno 1,000 kwa wiki, ni maneno 20,000 ya kuhariri, na hilo ni somo moja tu.

Sera ya hakimiliki nayo inafaa kusomwa. Vyuo vingi huacha hakimiliki ya kitabu kwa mwandishi, lakini baadhi huweka masharti pale chuo kilipotoa fedha maalumu kwa mradi.

Miaka sita ambayo si sita

Tamko la mwaka 1940 la Chama cha Maprofesa wa Vyuo Vikuu cha Marekani linasema kipindi cha majaribio kisizidi miaka saba. Vyuo vingi huutafsiri hivi: faili la mwalimu linapitiwa katika mwaka wa sita, na akikataliwa, wa saba ni wa kutafuta kazi kwingine.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Ili uamuzi utoke mwaka wa sita, wahakiki wa nje, ambao mara nyingi ni watano hadi wanane kutoka vyuo vingine, lazima wapate kazi zako katika kiangazi kinachotangulia mwaka huo. Kwa hiyo kitabu kinatakiwa kiwe mkononi mwishoni mwa mwaka wa tano. Mchapishaji wa kibiashara huchukua kama miezi tisa hadi kumi na miwili kutoka mswada uliokubaliwa hadi kitabu kufika dukani. Mswada basi unakabidhiwa mwanzoni kabisa mwa mwaka wa tano, au mwishoni mwa wa nne. Kuchunguza na kuandika kitabu cha maneno 80,000 hadi 100,000 ukiwa unafundisha ni miaka miwili na nusu mpaka mitatu. Andiko la kukiuza ni nusu mwaka hadi mwaka mzima, na kumpata mchapishaji, pamoja na wakala anayemuuzia mwandishi kitabu kwake, ni miezi mingine. Ukijumlisha, mwalimu aliyeanza kutafuta wazo la kitabu mwaka wa pili amekwisha kuchelewa. Anayefika chuoni na andiko lililokamilika nusu ana nafuu kubwa, na anayefika na mkataba mkononi anaweza hata kuomba mwaka mmoja au miwili ya kazi yake ya nyuma ihesabiwe. Aombe kwa tahadhari: kila mwaka unaohesabiwa ni mwaka unaopungua.

Kamati nyingine zinakubali mswada uliokamilika pamoja na barua ya mchapishaji kuwa kitabu kiko mtamboni. Nyingine zinataka kitabu chenyewe, kikiwa na jalada. Mkataba peke yake, bila mswada, karibu hauna uzito kokote. Ni busara kuuliza sheria ya idara ikoje, na kuuliza pia watu wawili wa mwisho waliopita walikuwa na nini mezani.

Andiko la kitabu

Kitabu cha matukio ya kweli huuzwa kabla ya kuandikwa. Kinachouzwa ni andiko la kurasa kama 40 hadi 70, lenye sehemu zinazofahamika: maelezo ya jumla, wasomaji ni akina nani, vitabu vinavyokaribiana nacho, wasifu wa mwandishi, muhtasari wa kila sura, na sura moja au mbili za mfano. Sehemu inayokula muda mwingi ni maelezo ya jumla, kwa sababu hapo ndipo mhariri anapoamua kama kuna habari au kuna mada tu.

Maprofesa huanguka hapo zaidi kuliko maripota. "Ukosefu wa maji safi vijijini" ni mada. Habari ni mhandisi fulani aliyeandika onyo, viongozi waliolipokea, siku walipoliweka kabatini, na kilichowapata watu baadaye. Mhariri atauliza mambo matatu: nani amekubali kuzungumza, nyaraka zipi tayari unazo, na kitu gani kinabadilika kati ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Andiko linalosema "nitamhoji" kila mahali halijaiva. Lenye "alinipa barua zake" limeiva.

Uamuzi mwingine ni aina ya mchapishaji. Mchapishaji wa chuo kikuu hupeleka mswada kwa wasomi, kwa kawaida wawili, wasiojulikana kwa mwandishi, na kamati za vyuo huuamini utaratibu huo. Mchapishaji wa kibiashara hana wahakiki wa namna hiyo. Ana mhariri, mwanasheria na jicho la soko. Hulipa zaidi, hufikisha kitabu kwa wasomaji wengi zaidi, na humwachia mwandishi kazi ya kuieleza kamati kwamba ukaguzi aliofanyiwa ulikuwa mkali kwa njia nyingine.

Fedha zinavyokwenda

Tuchukue malipo ya awali, yaani yale ambayo mchapishaji humpa mwandishi kabla kitabu hakijauzwa, ya dola 60,000, ambayo kwa sikio la nje ni donge nono. Kwa kawaida hugawanywa mara nne: kusaini mkataba, mswada kukubaliwa, kitabu kutoka katika jalada gumu, na mwaka mmoja baadaye au toleo la jalada jepesi likitoka. Kila fungu ni dola 15,000. Wakala huchukua asilimia 15, yaani 2,250, zinabaki 12,750. Mafungu hayo manne yakisambaa katika miaka minne, ni 12,750 kwa mwaka, kabla ya kodi, ambayo mchapishaji hakati. Mwandishi huilipa mwenyewe. Humo humo mnatoka nauli, mhakiki wa taarifa, ada za picha na mtengenezaji wa faharasa, kwa kuwa mikataba mingi huyaweka mambo hayo begani mwa mwandishi.

Mrabaha, yaani sehemu ya mwandishi katika kila nakala inayouzwa, hauanzi kulipwa mpaka malipo ya awali yarudi. Viwango vya kawaida vya jalada gumu ni asilimia 10 ya bei kwa nakala 5,000 za kwanza, asilimia 12.5 kwa 5,000 zinazofuata, na 15 baada ya hapo. Kitabu cha dola 28 kinarudisha dola 14,000 kwa nakala 5,000 za mwanzo, kisha 17,500 kwa 5,000 za pili. Zinabaki 28,500, na kila nakala sasa inarudisha dola 4.20. Inahitajika kuuzwa nakala 6,786 zaidi, jumla 16,786, ndipo mwandishi aone senti ya kwanza ya mrabaha, tukiacha matoleo ya kielektroniki na punguzo za maduka. Vitabu vingi havifiki huko. Anayepanga maisha yake juu ya mrabaha anajidanganya. Apange juu ya mshahara wa chuo, na malipo ya awali ayatumie kununua muda.

Muda huo unanunuliwa wapi? Mikataba mingi ya walimu wa vyuo Marekani ni ya miezi tisa. Kiangazi hakina mshahara, na ndicho msimu pekee wa kusafiri na kuandika mfululizo. Malipo ya awali yanaziba pengo hilo. Baada ya kupata ajira ya kudumu huja sabatiko, yaani likizo ya utafiti na uandishi, mara nyingi kila baada ya miaka sita ya kazi: muhula mmoja kwa mshahara kamili au mwaka mzima kwa nusu. Hapo ndipo ufadhili wa nje unapojaza nusu iliyokosekana. Taasisi ya Guggenheim hutoa wake tangu mwaka 1925. Tuzo ya J. Anthony Lukas kwa kazi inayoendelea, inayosimamiwa na Columbia pamoja na taasisi ya Nieman ya Harvard, ni dola 25,000, na inataka mwombaji awe tayari na mkataba wa kitabu. Maombi mengi hufungwa miezi mingi kabla ya fedha kutoka, hivyo anayetaka kutumia sabatiko ya mwaka kesho kutwa anaandika maombi sasa.

Kuchunguza ukiwa mtumishi wa chuo

Sheria ya taifa ya uhuru wa taarifa, iliyosainiwa mwaka 1966, inaipa ofisi ya serikali siku 20 za kazi kujibu ombi. Kwa vitendo, ombi gumu huchukua miezi, na mengine miaka. Maombi ya nyaraka basi ndiyo ya kwanza kutumwa, hata kabla mkataba haujasainiwa, na kila moja liombe kitu kidogo kinachotajika: barua za ofisi fulani, kati ya tarehe fulani na fulani, zenye neno fulani. Ombi la "nyaraka zote zinazohusu" hukaa mwisho wa foleni.

Anayefundisha chuo cha umma ana hatari moja ambayo ripota wa gazeti hana. Barua pepe zake za kazini zinaweza kuombwa na mtu yeyote chini ya sheria za nyaraka za umma za jimbo lake. Misamaha ipo, lakini inatofautiana jimbo kwa jimbo, na hubishaniwa mahakamani. Mawasiliano na chanzo cha siri hayapiti kwenye anwani ya chuo, kompyuta ya chuo wala hifadhi ya chuo ya mtandaoni.

Ulinzi wa vyanzo nao una mianya. Hakuna sheria ya taifa inayomlinda mwandishi asitaje chanzo; kuna sheria za majimbo na maamuzi ya mahakama, na baadhi humtambua mwandishi kwa kuangalia ameajiriwa na chombo gani. Mwandishi wa kitabu anaweza kudondoka nje ya tafsiri hiyo. Mwaka 2001 huko Houston, Vanessa Leggett, aliyekuwa akifundisha uandishi chuoni na kukusanya habari za kitabu kuhusu mauaji, alikataa kukabidhi nyaraka zake kwa jopo kuu la uchunguzi wa jinai. Alikaa rumande siku 168. Upande wa serikali haukumhesabu kuwa mwandishi wa habari. Kesi nyingine, ya mwaka 1987 katika mahakama ya rufani ya taifa iliyoko New York, iliweka kipimo kinachosaidia: je, mtu alikuwa na nia ya kuutangazia umma tangu alipoanza kukusanya taarifa? Andiko la kitabu lenye tarehe, mkataba na barua kwa mhariri ni ushahidi wa nia hiyo. Vihifadhiwe.

Halafu kuna bodi ya maadili ya utafiti ya chuo, inayolinda watu wanaofanyiwa utafiti. Kwa muda mrefu baadhi ya bodi ziliwataka maprofesa wa habari wajaze fomu za ridhaa kabla ya kumhoji hata waziri. Kanuni za taifa zilizofanyiwa marekebisho, zilizoanza kutumika rasmi Januari 2019, zinasema waziwazi kuwa uandishi wa habari, historia simulizi na wasifu, vinavyohusu watu mahususi wanaoandikwa, haviingii katika tafsiri ya utafiti huo. Ukiongeza dodoso kwa watu 300 ili kupata matokeo ya jumla, umerudi ndani ya mipaka ya bodi. Njia salama ni kuiandikia bodi mapema, kueleza mradi kwa aya mbili, na kupata jibu la maandishi.

Wanafunzi wanaweza kusaidia uchunguzi kwa malipo na kwa majina yao kutajwa. Kuwatumia kama kazi ya nyumbani ili kukujazia sura ya tano ni kuwadhulumu, kwani anayekupa alama hawezi kukataliwa kirahisi.

Sentensi moja chini ya kalamu ya mhakiki

Wasomaji wengi hushtuka kujua kuwa wachapishaji wa vitabu kwa kawaida hawahakiki taarifa. Mkataba una kifungu ambamo mwandishi anathibitisha kuwa yaliyomo ni ya kweli na hayakashifu mtu, na anakubali kubeba gharama yakionekana vinginevyo. Mwanasheria wa mchapishaji hupitia mswada akitafuta hatari ya kesi; ukweli wa kila jambo dogo si kazi yake.

Kwa hiyo mwandishi makini huajiri mhakiki na kumkabidhi mswada wenye tanbihi kila mstari, pamoja na jedwali la madai na vyanzo vyake. Chukua sentensi hii: "Mvua ilikuwa bado inanyesha alfajiri ya Jumanne, karani alipofungua ghala na kukuta mafaili yameloa." Ndani yake kuna madai sita. Mvua: rekodi ya kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, saa kwa saa. Alfajiri: saa ya kuchomoza jua tarehe hiyo, na daftari la zamu. Jumanne: kalenda, kwa kuwa watu hukosea siku ya wiki. Kuwa ni karani aliyefungua, wala si mlinzi: mlinzi mwenyewe aulizwe. Kuwa ni ghala, wala si ofisi: ramani ya jengo. Mafaili yaliyoloa: picha, au ripoti ya hasara. Dai lenye chanzo kimoja tu, tena kumbukumbu ya mhusika mwenyewe, linaandikwa upya kuwa "anakumbuka kwamba" au linaondoka.

Kinachoharibika zaidi ni mazungumzo yaliyonukuliwa kutoka kumbukumbu za miaka ishirini iliyopita. Alama za kunukuu humwambia msomaji kuwa maneno yalisemwa hivyo hivyo. Kama hakuna rekodi wala waliokuwepo wawili wanaokubaliana, yasimuliwe bila alama hizo.

Uhakiki wa kitabu kizima huchukua wiki kadhaa hadi miezi, na unafanywa kabla mswada haujapangwa kurasa. Baada ya hapo kila badiliko lina gharama, na namba za kurasa katika faharasa huvurugika.

Faili, na kinachofuata

Faili linapoandaliwa, jedwali lilelile la uhakiki linapata kazi ya pili. Katika maelezo binafsi kwa kamati, mwandishi anaeleza mbinu kama mtafiti anavyoeleza yake: mahojiano mangapi, nyaraka zipi zilizopatikana kwa mara ya kwanza, nani alihakiki, mwanasheria gani alipitia. Anaambatanisha hakiki za magazeti, tuzo, silabasi za vyuo vingine vinavyokitumia kitabu, na mahali kilipotajwa bungeni au mahakamani. Majina ya wahakiki wa nje anayoruhusiwa kupendekeza yawe ya maprofesa kamili ambao wenyewe wameandika vitabu vya namna hiyo, wasio marafiki wala waliowahi kushirikiana naye. Mhakiki mmoja wa mkondo wa takwimu asiyeelewa masimulizi anaweza kuandika barua baridi, na katika kura zinazokaribiana barua baridi inatosha.

Ajira ya kudumu ikipatikana, kamati zinamiminika: uajiri, mitaala, malalamiko ya alama. Wengi hupotelea hapo, na kupanda kuwa profesa kamili hutaka kitabu cha pili. Walioendelea ni wale waliokuwa wametuma maombi ya nyaraka ya kitabu kinachofuata wakati cha kwanza kiko mtamboni.

Wakati huohuo cha kwanza bado kina kazi. Wasomaji wataandika: jina la mtaa limekosewa, mtu fulani alistaafu mwaka tofauti. Kila barua huingizwa katika jedwali, kosa huhakikiwa upya, na orodha ya masahihisho humfikia mhariri miezi mitano au sita kabla ya toleo la jalada jepesi kwenda mtamboni, kwa kuwa likishachapwa, sahihisho linalofuata litasubiri mpaka nakala zote zilizoko ghalani ziishe.